Simu ya Arobaini

Lango la yadi ya malori lilifunguka lenyewe asubuhi ya Jumatatu. Mlinzi Gavril, aliyekuwa kibandani akimenya yai, alinyanyuka kumsalimu aliyefika. Hakukuwa na mtu. Lango lilikaa wazi kidogo, likisubiri kama linavyowasubiri wafanyakazi, kisha likajifunga kwa ule mlio wake wa kukwaruza. Kule barabarani alikuwa anapita mwanamume mmoja tu, amempa mgongo, anaelekea mjini. Gavril akarudi kwenye yai lake. Kesho yake lango likafunguka tena, wakati ule ule. Ilipofika sikukuu ya Mtakatifu Andrea, siku ambayo watu wa mji huo, Buhuși, hupaka vitunguu saumu milangoni ili wafu wasiotulia wasiingie, Gavril alilipaka lango zima mpaka kwenye bawaba. Likafunguka hivyo hivyo, linanuka vitunguu saumu.

Gavril hakumwambia bosi. Aliwaambia madereva, na habari ikikabidhiwa madereva haihitaji tena mtandao. Kabla wiki haijaisha, wanaume wazima wanaovuka nusu ya Ulaya na malori yao walikuwa wanazungukia upande wa karakana ili wasipite langoni, na mhasibu, mama ambaye haogopi hata watu wa kodi, alianza kuja na kichupa cha maji ya baraka ndani ya mkoba.

Kujua kwa nini lango linafunguka ilikuwa kazi ya Zamfira Ciubotaru. Kitengo cha kompyuta cha kampuni ile kilikuwa na watu wawili: bosi Horia Lungeanu, aliyehudhuria vikao, na Zamfira, aliyefanya kazi. Zamfira alifungua orodha ya waliopita langoni akitegemea kukuta hitilafu ya mashine. Alikuta jina. Toader Ciubotaru, ameingia. Siku iliyofuata, Toader Ciubotaru, ameingia. Wiki nzima.

Toader alikuwa mumewe. Alikuwa mpanga safari za malori katika yadi hiyo hiyo, na moyo wake ulisimama mwezi wa kumi, akiwa jikoni anasubiri kahawa ichemke. Arobaini yake ilikuwa imesomwa Jumamosi, siku mbili kabla lango halijaanza vituko vyake.

Zamfira akafungua programu ambayo wafanyakazi huandikiana. Pembeni ya jina la Toader ilikuwa inawaka taa ndogo ya kijani, maana yake yupo. Akaiziba kwa kidole. Alijua vizuri kwamba kompyuta haina akili ya kumtania mtu, na kwamba kila kitu kinachowaka kina kinachokiwasha. Hata hivyo vidole vyake vilikuwa vya baridi, na alipokiondoa kile kimoja, taa ilikuwa bado inawaka.

"Umeona?" Horia alikuwa amesimama nyuma yake, kikombe mkononi.

"Nimeona."

"Wote wameona, Zamfira. Tangazo la jana la likizo limesomwa na watu hamsini na mmoja. Sisi tuko hamsini." Alisema kwa sauti ya chini, akiangalia ukuta. "Simu yake iko wapi?"

"Nyumbani. Kwenye droo ya kabati. Niliizima mwenyewe."

Horia aliangalia ile taa ya kijani, akamwangalia Zamfira, kisha akaondoka. Mchana, katika chumba cha kulia, meza ya Zamfira ilibaki na viti vitatu vitupu. Watu walimsalimia kwa upole sana, kila mmoja akiwa na haraka yake. Hakuna aliyemtukana, ndiyo maana hakuwa na wa kumjibu.

*

Droo ilikuwa tupu. Hata chaja haikuwepo.

Mama mkwe wake, Aglaia, alikuwa jikoni anakoroga ugali wa manjano. Tangu msiba walibaki wanawake wawili katika nyumba ile ya vyumba viwili ghorofa ya tatu, na mshahara mmoja. Walikuwa wanapishana kwa adabu, kila mmoja akilia chumbani kwake.

"Mama, simu ya Toader iko wapi?"

"Nimeitoa."

"Umeitoa wapi?"

"Sadaka. Siku ya arobaini. Kwani ulidhani nimempa Neculai koti tupu?"

Zamfira akakaa. Siku ile nyumba ilikuwa imejaa watu, na yeye alikuwa amejificha kwenye masufuria. Alimwona Neculai Harabagiu, mpasua kuni wa kijiji cha bondeni, akishuka ngazi na mali za marehemu, kama desturi inavyotaka: godoro, blanketi, sahani, kijiko, viatu, kofia, koti, na mkate uliochomekwa mshumaa. Neculai alichaguliwa kwa sababu ni wa umri wa Toader na kimo cha Toader. Akapokea, akasema Bogdaproste, yaani Mungu awasamehe wafu wenu, na ikawa imekwisha. Alichopewa yeye, marehemu anakipata huko aliko, na asichopewa, marehemu atakikosa milele. Zamfira hakuona kilichokuwa mfukoni mwa koti.

"Mama, ile ilikuwa simu!"

"Najua ilikuwa simu. Mwanangu alikuwa haiachi hata akienda chooni. Leo nimpe kijiko, nimpe na taulo, halafu simu niifungie kabatini? Si angenilaani huko?"

"Ina namba ya siri."

"Mwaka wake wa kuzaliwa. Nimemwambia Neculai. Na chaja nimempa. Mimi mzee, Zamfira, si mjinga."

Aglaia akafuta mkono kwenye aproni, akatoa simu yake mwenyewe na kumwonyesha. Kila jioni alikuwa amepeleka ujumbe wa sauti kwa mwanawe. Akabonyeza wa jana, na jikoni kukajaa sauti yake: Toader, mwanangu, leo tumepika maharage. Zamfira hali vizuri. Anaficha chakula chini ya mkate akidhani simwoni.

Zamfira aliona uso unawaka moto. Kushtakiwa kwa mume ni jambo la kawaida kwa mke anayeishi na mama mkwe, lakini si kwa mume aliyezikwa. Kilichomtisha zaidi kilikuwa chini ya ujumbe: tiki mbili za buluu. Chini ya kila ujumbe, jioni baada ya jioni. Umesikilizwa.

"Anayesikiliza ni Neculai, mama."

"Kwani mimi nina wazimu? Najua ni Neculai. Anapokea Neculai, anapata Toader. Ndivyo ilivyo kwa mkate, ndivyo ilivyo kwa koti. Kwa nini isiwe hivyo kwa sauti?"

 Miaka kumi na miwili Zamfira alikuwa analipwa kuwaeleza watu kwamba kitu hutumwa hapa, hupita hewani bila kuonekana, na kupokelewa kule. Hakuwa na mahali pa kusimama ambapo angeweza kumcheka Aglaia.

"Kula," mama mkwe akasema. "Na leo usifiche."

*

"Mama mkwe wako kafanya nini?" Horia aliuliza asubuhi, na Zamfira alipomaliza kueleza akashika kichwa. Basi hakuna mzimu. Neculai hupita mbele ya yadi kila siku akienda kutafuta kibarua kwenye kiwanda cha mbao, simu ikiwa mfukoni, na lango, ambalo hufunguka simu ya mfanyakazi ikikaribia, linamfungulia. Matangazo yakitokea kwenye skrini, Neculai anayagusa yaondoke, na kampuni inahesabu kwamba yamesomwa.

"Afadhali ingekuwa mzimu," Horia akasema. "Mzimu hausomi ratiba za wateja. Mkurugenzi amenipigia mara mbili. Futa ile simu, Zamfira, leo."

Hapa mimi msimulizi sina budi kusema jinsi mambo yalivyofika hapo. Zamani kampuni iliwanunulia watu simu, simu za ovyo zilizozimika kwenye baridi, na kila mtu alikuwa na yake nzuri zaidi mfukoni. Zamfira ndiye aliyesema basi, kila mtu aje na yake, tuweke ndani programu ya kazi. Watu walifurahi, na mkurugenzi akafurahi zaidi, kwa kuwa gharama ilihamia kwenye mifuko ya watu. Zipo programu zinazotenga kazi na nyumba, kama mpangaji mwenye chumba chake na mlango wake. Akihama, anatoa vyombo vyake na nyumba inabaki ya mwenyewe. Zamfira aliomba hiyo. Mkurugenzi akasema mwakani. Akanunua ya bei poa, ambayo haijui chumba wala sebule. Mtu akiondoka kazini, kuna kitufe kimoja tu, nacho hufuta simu nzima. Wafanyakazi wote walibonyeza Nakubali. Hakuna aliyesoma, hata Toader, ambaye mkewe alimwahidi mezani kwamba kitufe kile hakitatumika kamwe.

"Ilipaswa ifutwe wiki ya mazishi," Horia akaendelea. "Nilikuonea huruma. Ningemwambia nani afute, kama si wewe? Nikanyamaza. Sasa huruma yangu imenitokea puani."

"Simu si ya kampuni, bosi. Hata siku moja haikuwa ya kampuni. Ilikuwa yake, na sasa ni ya mtu mwingine."

"Kazi iliyomo ni yetu."

"Basi tutoe kazi iliyomo. Nikiwa nayo mkononi, na mwenyewe akikubali, naweza kuomba itolewe programu peke yake. Nipe mpaka kesho mchana."

Horia alizungusha kikombe chake mezani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye mkopo wa nyumba. "Kesho mchana," akasema. "Na Zamfira, mkurugenzi ameniuliza kama kitengo hiki kinahitaji watu wawili. Nakuambia ujue tu."

*

Ramani ya kampuni ilimwonyesha mumewe yuko kwenye kiwanda cha mbao. Zamfira akaenda kwa miguu, macho kwenye simu yake, akikiangalia kile kitone chenye jina la Toader kikimsubiri. Kisha kitone kikaanza kutembea. Akainua uso, na mbele yake, kwenye theluji iliyokanyagwa, Toader alikuwa anaondoka.

Lilikuwa koti lile la kijivu, kofia ile, na mabega yale aliyoyajua. Hata mguu wa kushoto ulikuwa unaburuta kidogo, kwa sababu kisigino cha kiatu kile kililika upande miaka mingi chini ya mtu mwingine. Zamfira alikuwa amejua tangu nyumbani ni nani atakayemkuta. Kujua hakukumsaidia. Mdomo ulifunguka peke yake ukaita, "Toader!"

Na mtu yule akageuka.

 Kisha Zamfira akauona uso, mwekundu kwa baridi, wenye ndevu za siku kadhaa, na macho ya mtu anayeomba radhi.

"Mimi Neculai, dada," akasema. "Samahani. Sijui kwa nini nimegeuka."

Alimkaribisha kwake. Ilikuwa nyumba ya chumba kimoja, safi kuliko alivyotarajia, godoro la Toader likiwa kitandani na blanketi la Toader juu yake, limekunjwa. Ukutani kulikuwa na sanamu ya Bikira, na chini yake kirafu kilichotandikwa taulo la arobaini. Neculai akatoa simu mfukoni na kuiweka pale, kwa mikono miwili.

"Jioni nakaa hapo kwenye kigoda," akasema. "Mama Aglaia anaongea, nasikiliza mpaka mwisho. Nikimaliza naweka mshumaa."

"Mbona humjibu?"

Neculai alishangaa. "Marehemu hajibu, dada. Mimi nimepewa masikio tu, mdomo sikupewa." Akamimina chai ya maua. "Ila nakuambia kweli, jioni naisubiri. Mimi sina mtu. Hakuna anayejali nimekula nini. Basi nikisikia pale kwenu mmepika maharage, na mimi naona kama nimeambiwa."

Zamfira alieleza yaliyomleta. Alipofika kwenye neno kurudisha, Neculai alikuwa anatikisa kichwa tayari.

"Chukua shoka langu. Lile ni langu, naweza kukupa. Hii siwezi. Nikiirudisha nimemnyang'anya yeye, si mimi. Wewe mwenyewe unajua."

"Siitaki simu. Nataka kutoa vitu vya kampuni tu vilivyomo ndani."

Alifikiri. "Vya kampuni vitoe," akasema. "Vya kampuni havikuombewa."

Kwa hiyo Zamfira aliishika ile simu kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi. Ilikuwa na joto la mfuko wa mtu. Akaandika mwaka wa kuzaliwa wa mumewe, na kabla hajafika kwenye programu ya kazi, kidole kikaenda kwenye picha. Ya mwisho kabisa ilikuwa yake yeye. Alikuwa amesimama mbele ya jiko, mgongo kwa aliyepiga, nywele zimefungwa ovyo, mvuke wa kahawa ukipanda pembeni ya bega. Ilipigwa asubuhi ile, muda mfupi kabla mumewe hajaanguka. Toader hakusema neno; alimwangalia tu, akampiga picha, na Zamfira hakugeuka. Hakuwahi kujua kwamba aliangaliwa.

Aliitazama mpaka skrini ikataka kuzima. Akajaribu kuituma kwenye simu yake mwenyewe, ile ikakataa. Kampuni haikuruhusu kitu kutoka ndani ya simu ya mfanyakazi, na aliyeliweka katazo lile alikuwa yeye. Angeweza kuipiga picha kwa simu yake, lakini hakutaka picha ya picha. Programu ikishatoka kesho, ataichukua yenyewe. Akamwita Neculai, akamwonyesha pa kubonyeza, naye akabonyeza Nakubali kwa kidole kinene chenye mpasuko wa baridi. Ombi limetumwa ofisini, simu ikasema.

"Kesho jioni nitakuja tena," Zamfira akasema. "Kuna picha nataka kuichukua."

"Njoo, dada. Njoo ule na chakula, nitapika kitu."

Akatoka akiwa mwepesi. Njiani aligundua kwamba ana njaa.

*

Ombi lilifika kwenye kompyuta ya Horia likiwa na vitufe viwili: Kataa, na Futa Kifaa Chote. Zamfira alitafuta cha tatu mpaka akafika mwisho wa ukurasa. Hakikuwepo. Ile njia aliyoitegemea ilikuwa ya programu ya gharama. Hii ya bei poa ililipokea ombi la kistaarabu kwa mlango wa mbele, ikalitoa kwa mlango wa nyuma likiwa kitu kingine.

"Basi kataa," akasema. "Tubadilishe namba za wateja, tulifunge jina la Toader kila mahali, lango na barua pepe. Simu itabaki na ratiba za zamani ambazo Neculai hawezi kuzisoma na hataki kuzisoma."

"Na nikiulizwa na mkurugenzi?"

"Mwambie tulikosea tangu mwanzo. Tuliwaambia watu waje na simu zao, bosi. Wakaja nazo na mama zao, na watoto wao, na maiti zao. Sisi tulijiandaa kupokea simu tu."

Horia hakuwa anasikia. Alikuwa amepeleka mshale kwenye kitufe cha kufuta, na kidole kilikuwa juu ya kipanya. Kikakaa hapo.

"Ile ni sadaka ya arobaini?" akauliza. "Na mshumaa? Alisema Bogdaproste?"

"Alisema. Nilikuwepo."

Horia akaondoa mkono kwenye kipanya kana kwamba kimemchoma, akaufuta kwenye suruali. "Mama yangu angenifungia mlango," akanong'ona. "Mimi sibonyezi kitu kama hicho."

Zamfira alitaka kumkumbatia. Gavril alipopiga simu kulalamika kwamba leo lango halifunguki hata kwa walio hai, Zamfira alishuka kwa moyo mweupe, akakaa huko nusu saa akifuta vitunguu saumu vilivyogandia kwenye kile kidude kinachosoma simu. Aliporudi, Horia alikuwa dirishani, hataki kugeuka.

"Mkurugenzi kapiga tena," akasema.

"Umebonyeza?"

"Sikubonyeza mimi. Naapa." Alimeza mate. "Nimelipeleka ombi kituo cha huduma."

Kituo cha huduma kilikuwa nchi nyingine, kilikodishwa kwa ajili ya usiku na sikukuu. Huko alikaa kijana, au binti, au labda hakukaa mtu, aliyeona jina na mbele yake neno Ameondoka. Kwake lilikuwa na maana moja tu. Barua yao ilikuwa tayari kwenye skrini: Kazi yako imekamilika. Tunajali. Tafadhali tupe alama, kutoka moja hadi tano.

Kwenye ile programu ya kuandikiana, pembeni ya jina la Toader, taa ilikuwa imezimika. Siku tatu Zamfira alikuwa ameiogopa kwa sababu inawaka. Sasa aliitazama ilipokuwa, na hofu iliyompata ilikuwa ya aina nyingine kabisa, maana mwezi wa kumi alifiwa na mume aliyeanguka mwenyewe, na leo mume huyo huyo amefutwa na mtu. Akachukua koti lake.

"Zamfira," Horia akasema. "Mlikuwa na kitu humo?"

"Picha moja."

"Ya kwake?"

"Yangu," akasema, akafunga mlango.

*

Hakumwambia Aglaia. Alitafuta maneno njia nzima, akayapoteza kwenye ngazi. Mama mkwe alikuwa amepika supu ya maini ya kuku, na alikuwa tayari kwenye kiti chake karibu na dirisha, simu mdomoni.

"Toader, mwanangu, leo theluji imefika dirishani kwa yule bibi wa chini. Zamfira jana alikula sahani nzima, sijui kaota nini. Lala salama."

Akatuma. Ikatokea tiki moja ya kijivu. Aglaia akasubiri ya pili. Akafuta kioo cha simu kwa aproni, akasubiri tena. Supu ilishika utando.

"Haijafika," akasema. "Mbona haijafika?"

"Labda mtandao, mama."

"Mtandao upo. Nimeongea na dada yangu sasa hivi." Akamgeukia. Macho yake yalikuwa madogo na makali. "Zamfira. Umefanya nini?"

Kabla hajajibu, mlango ukagongwa.

Alikuwa Neculai, kofia mkononi, theluji mabegani mwa lile koti la kijivu. Kwa hatua moja ile ya kuingia, mwanga wa korido ukiwa nyuma yake, wanawake wote wawili walishika kitu cha kushika: Aglaia meza, Zamfira mlango. Kisha akawa Neculai. Kwenye kiganja chake, amekibeba mbele kama anavyobebwa kifaranga aliyevunjika mguu, kulikuwa na simu inayong'aa weupe.

"Nisameheni kuja bila kualikwa," akasema. "Nilikuwa napasua kuni mchana, ikatetemeka mfukoni. Nikaitoa, ikawa nyeusi, halafu nyeupe. Ikasema karibu, kwa lugha nyingi. Nikadhani imepona. Kisha ikaniuliza mimi ni nani." Aliangalia mmoja, akaangalia mwingine. "Nimetembea nayo kutoka bondeni. Inataka jina. Sijui niiambie lipi."

 Ndani ya jengo mtu alikuwa anapigilia msumari.

"Wameifuta, mama," Zamfira akasema. "Kazini kwangu."

"Wewe?"

"Si mkono wangu. Lakini mimi ndiye niliyekiweka kitufe. Nilimwahidi Toader hakitatumika." Hapo ndipo alipolia, mbele za watu, kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya makaburini. "Alinipiga picha asubuhi ile, mama. Nilikuwa nimempa mgongo."

Aglaia hakumfuata. Alivuta kiti akakaa, taratibu, kama mtu anayehesabu mifupa yake. Muda mrefu aliitazama ile simu kwenye kiganja cha Neculai, na ile simu ikasubiri, nyeupe, na mstari mmoja mdogo ukizima na kuwaka mahali pa kuandikia jina.

"Andika Neculai," akasema mwishowe. "Huyu ana jina lake. Alibatizwa nalo."

Zamfira akafuta macho kwa mkono wa sweta, akaichukua, akaandika. Herufi zilikwenda moja moja, na mama mkwe alizifuata zote kwa macho mpaka ya mwisho. Simu ikasema, Karibu, Neculai.

"Kwa hiyo mwanangu huko aliko hana," Aglaia akasema. Hakuwa anauliza. "Wamemfuata mpaka kule, wamemtoa mkononi. Amekaa gizani mkono mtupu, na mimi nikimwita hasikii."

 Neculai alikuwa amesimama pale pale mlangoni, akiigeuzageuza ile kofia. Hakuwa mtu wa maneno. Akashika kola ya koti kwa vidole viwili, akaivuta mbele kidogo, ili Aglaia aione.

"Koti analo, mama," akasema. "Koti hawalifikii."

Aglaia alinyanyuka. Alimfuata mlangoni, akampangusa theluji bega moja, kisha la pili, akakitafuta kifungo cha juu ambacho Neculai hakukifunga, akakifunga mwenyewe. Mikono yake ilikaa pale kwenye shingo ya koti, ikatulia. Neculai alifumba macho na kumwachia. Kisha Aglaia akakifungua tena kile kifungo, akamwambia avue, aje ale, supu inapoa.